Panya wa Kadi Nyekundu

Siku aliyorudi kazini baada ya kumzika mkewe, Maranda alisalimiwa na kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyezungumza naye.

Mlinzi wa getini, ambaye miaka nenda miaka rudi humpokea kwa kelele, "Mzee, panya wako wameamka au bado wanasubiri chai?", siku hiyo alivua kofia. "Pole, mzee." Akatazama viatu vyake. Wanawake wa kantini waliokuwa wanacheka mlangoni walikikata kicheko kama mtu anavyokata uzi kwa meno. Pole, mzee. Mwenye ufagio akasimamisha ufagio. Mwenye funguo akamkabidhi funguo kwa mikono miwili, kana kwamba anamkabidhi kichanga. Pole sana.

Maranda akaitikia wote. Nimeshapoa. Asante, nimeshapoa. Uongo mtupu. Alikuwa anachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ameikimbia nyumba yenye kimya, amekuja kazini kutafuta kelele, na kazini watu wamemwekea kimya kingine, kisafi, kilichopigwa pasi.

Na walifanya hivyo kwa heshima. Hilo ndilo lililomuuma. Mtu akikutukana unamrudishia. Akikuheshimu mpaka akakukwepa, utamrudishia nini?

Jina Maranda hakuzaliwa nalo. Alifika mahali hapo kijana, kibarua wa kupakua magunia, kwenye taasisi kubwa ya utafiti wa magonjwa. Mbele ni majengo marefu ya madaktari. Nyuma, karibu na ukuta, ni nyumba ya wanyama. Akapewa kazi ya kubadilisha maranda ya mbao wanayolalia panya. Shule hakuijua, lakini kwa kazi hiyo shule ilikuwa ya nini? Jioni alirudi kwake na maranda kwenye nywele, kwenye mikunjo ya suruali, ndani ya soksi. Mkewe alikuwa akimsimamisha mlangoni na kumpukuta kama mkeka.

"Geuka. Inua mkono. Mimi nimeolewa na mtu au na karakana ya seremala?"

Jina likatoka kwa mke, likafika kazini, likakaa. La kwenye kitambulisho likabaki la kitambulisho.

Aliyelifikisha kazini alikuwa mwenzake, na yeye naye jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Anaitwa Shemeji. Alioa zamani, ndoa ikamshinda, hakujaribu tena. Tangu hao wawili waanze kazi pamoja, chakula chao cha mchana kilitoka jiko moja, la mke wa Maranda, kwenye bakuli moja kubwa lenye mfuniko. Na kila siku bakuli lilirudi na salamu. "Mwambie shemeji leo chumvi imekaa." "Mwambie shemeji huyu mume akimchosha, mimi nipo, meno yangu bado ni mengi." Shemeji hivi, shemeji vile, mpaka watu wakaona rahisi kumwita yeye Shemeji. Hata madaktari.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hampimi panya presha. Kwanza kizimba kinawekwa juu ya sahani ya umeme yenye uvuguvugu, ili damu ya mkiani itembee. Halafu Shemeji anamtoa panya, anamwingiza taratibu kwenye bomba la plastiki, kichwa mbele, mkia ukibaki nje. Maranda anauvisha mkia kimkanda, kama anayevisha kidole pete. Kimkanda kinajaa hewa, kinabana, kinaachia, mashine inatoa jibu. Panya akiwa na hofu, jibu linakuwa la hofu. Kwa hiyo ni lazima awe amezoea mikono ya watu wake. Na panya wa pale walikuwa wamezoea mikono na midomo pia, maana wazee wale hawakuwahi kupima mkia hata mmoja kimyakimya.

"Mshike basi. Unamshika kama unamwomba ruhusa."

"Wewe visha. Mkono unakutetemeka kama bwana harusi."

"Bwana harusi nimewahi kuwa. Wewe sasa umebaki mla harusi tu."

Utafiti wa mwisho uliletwa na daktari mmoja, binti mdogo, rika la kitinda mimba wa Maranda. Siku ya kwanza aliwakalisha wazee akawaeleza vizuri, hakuwadharau. Panya wote ni wa umri mmoja na ukoo mmoja. Nusu watakaa wannewanne, kadi ya bluu mlangoni. Nusu watakaa mmojammoja, kadi nyekundu, na vizimba vyao vitakuwa na kuta zisizopitisha macho, wasimwone jirani. Chakula kilekile, maji yaleyale, taa ileile, maranda yaleyale. Kitu kimoja tu wanyimwe, mwenzao.

"Nataka kujua upweke unafanya nini kwenye presha," akasema Daktari.

"Na hawa wekundu, kosa lao nini?" Shemeji akauliza.

"Hawana kosa, mzee."

"Basi huo ni uonevu. Andika hapo, Shemeji amesema ni uonevu."

Daktari akacheka. Lakini wiki zilivyokwenda, wekundu walipanda. Si wote, wala si kwa kasi, ila walipanda. Maranda hakuweza kusoma mashine, lakini Daktari alikuwa na tabia ya kusema kwa sauti: "Huyu naye amepanda." Maranda akavua kimkanda, akavisha mkia mwingine. Panya ni panya. Jioni akaenda kupukutwa.

Kisha mkewe akafa. Hapo hakuna mengi. Asubuhi alisema kichwa kinamgonga. Maranda akamwambia anywe maji, akaenda kazini. Jioni hakukuta mtu mlangoni. Hospitali walisema presha, ilikuwepo siku nyingi, haikupimwa. Watoto wawili walikuja kutoka mbali, wakazika, wakalia, wakarudi kwenye kazi zao. Wakabaki kuwa sauti za simu. "Baba umekula? Haya, pumzika."

Ndipo akarudi kazini, na yakawa hayo ya getini.

Ndani ya nyumba ya wanyama alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kupimia. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na Daktari mwenyewe. Shemeji alikuwa amemshika panya, hakuinua uso.

"Mzee wangu," Daktari akasema kwa sauti ya wodini, "nimekupangia kazi nyepesi kwa sasa. Chumba cha kuoshea, mwisho wa korido. Hakuna wa kukusumbua. Upumzishe akili."

Maranda akamtazama Shemeji. Shemeji akamtazama panya.

Chumba cha kuoshea kina sinki refu la chuma, bomba la maji ya moto, rafu za kukaushia, na mlango mzito unaojifunga wenyewe. Dirisha lake liko juu, la kuingiza mwanga, si la kutazamia. Kazi yenyewe si ngumu: unakwangua maranda yaliyolowa, unamimina maji ya moto, unasugua kona kwa brashi, unasuuza, unapanga. Halafu chupa za maji, kila moja na kimrija chake cha chuma, upulize kuona hakijaziba. Mikono inafanya, akili inaachwa ifikiri, na Maranda hakutaka kufikiri.

Vizimba vichafu vililetwa kwa toroli. Alitarajia aliyeleta aingie. Hakuingia. Alisikia magurudumu, yakasimama, mlango ukagongwa mara mbili, kisha hatua zikaondoka haraka. Alipofungua alikuta toroli peke yake. Alizijua hatua zile. Shemeji ana goti bovu, mguu mmoja anauburuta.

Siku ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile. Gongwa mara mbili, toroli, korido tupu.

"Hata panya hufunguliwa mfuniko na mtu," Maranda akaliambia toroli.

Wiki iliyofuata akaamua. Akaamka alfajiri, akapika mwenyewe. Wali ukaungua chini na kubaki mbichi juu, maharage yakawa mawe. Hata hivyo alijaza lile bakuli kubwa, mchana akakaa kwenye benchi lao nyuma ya jengo, penye kivuli cha tangi la maji. Akangoja. Alimwona Shemeji akitoka mlango wa pili, ana mkate mkononi, naye Shemeji akamwona. Shemeji akasimama kidogo. Halafu akageuka, akaenda kuula mkate wake kule kwenye maegesho ya magari, amesimama, kama mwizi.

Maranda alilibeba bakuli mpaka kwenye pipa la taka, akalikung'uta lote, akalipiga kitako chake kwenye ukingo wa pipa mpaka likabonyea. Wanawake wa kantini waliona. Mmoja akawaambia wenzake, "Mwacheni, mwacheni apumzike." Maranda akasikia. Pumzika! Neno hilo lilianza kumwasha mwilini kama upupu. Kila mtu mdomoni pumzika, pumzika, kama ameambiwa kuna zawadi. Aliyepumzika yuko chini ya udongo. Yeye yuko juu, ana miguu, ana mdomo, ana hasira ya kuwatosha wote, na hakuna wa kuipokea.

Siku hizo akawa mkali. Mwenye ufagio alipomwambia pole tena, akamjibu, "Pole ya nini, wewe ndiye uliyemuua?" Mtu wa watu akakimbia na ufagio wake. Mlinzi akaacha kuvua kofia, akaanza kujifanya anaongea na simu Maranda akikaribia. Kadiri alivyouma ndivyo walivyomkwepa, na kadiri walivyomkwepa ndivyo alivyouma.

Kisha nesi wa taasisi akaja na mkoba wake, kupima wafanyakazi wote. Ilikuwa Jumatano. Maranda akanyoosha mkono, akavishwa mkanda. Ukajaa, ukabana, ukaachia.

"Mzee, umepanda," nesi akasema. "Umepanda sana. Punguza chumvi. Dawa hizi umeze kila siku bila kukosa. Kesho usije kazini, pumzika."

"Nani kakuuliza kuhusu chumvi?"

Nesi akaenda kumwambia Daktari. Daktari akaja mpaka mlango wa chumba cha kuoshea, akasimama kizingitini, hakuingia, maana sakafu ilikuwa na maji.

"Baba, nimezungumza na mkurugenzi. Anaweza kukuruhusu ustaafu sasa, kabla ya wakati. Mafao yako yote unapata. Umeitumikia nyumba hii umri wako wote. Nenda nyumbani ukatulie. Ijumaa mchana nitampelekea jibu."

"Jibu la nani?"

"Lako, baba."

"Mbona mmeshalijua?"

"Lifikirie kesho, ukiwa nyumbani," Daktari akasema, akaenda zake.

Alhamisi hiyo Maranda akabaki nyumbani, siku ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu aoe, ukiacha misiba. Aliketi kwenye kigoda cha mkewe, karibu na dirisha. Asubuhi milango ya majirani ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Watoto wakaenda shule, wakubwa wakaenda kazini, mtaa ukanyamaza. Dirishani palikuwa na ukuta wa jirani, umepakwa chokaa, mrefu, hauna hata tundu. Akautazama. Akainuka, akapanga vikombe vilivyopangika. Akakaa. Akautazama tena. Alipodhani ni jioni, kivuli kilikuwa hakijavuka hata nusu ya ukuta.

Hakuwahi kujua siku ya nyumba ile ina urefu gani. Mkewe aliijua. Tangu mtoto wa pili aondoke, mkewe aliikaa siku hiyo yote, na kesho yake nyingine kama hiyo, na nyingine, akitazama chokaa. Ndiyo maana Maranda alipoingia jioni, maneno yalikuwa yakimtoka yule mama kama maji ya bomba lililokatika: jirani kasema nini, paka kafanya nini, ndoto ilikuwaje. Na yeye Maranda, aliyeshinda anacheka na Shemeji tangu asubuhi, alikuwa akiketi, akinyoosha miguu, akisema, "Ngoja kwanza mama, ngoja nipumzike."

Alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. Hapana. Humu hawatamrudisha. Wamfunge kamba wamlete, atatoka na kamba yake.

Ijumaa asubuhi akaenda kazini. Hakuitikia mtu.

Siku hiyo ndiyo iliyopangwa kuwarudisha wekundu kwa wenzao. Daktari alitaka kuona, mnyama aliyepanda kwa upweke akirudishiwa kundi, je, atashuka? Maranda hakuambiwa. Alikuwa kwenye sinki, mikono imo majini, aliposikia milio. Si mlio wa panya mmoja. Ni makelele ya wengi, makali kama msumari kwenye kioo, kisha sauti ya Shemeji ikapiga yowe.

Akaacha bomba likitiririka. Akakimbia korido nzima na aproni yake iliyolowa.

Kwenye meza palikuwa na kizimba kikubwa, maranda mapya, na panya wanne waliotolewa kwenye kadi nyekundu. Walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanapigana makofi, wanabiringishana, maranda yanaruka. Shemeji alikuwa amebana kidole, glovu imetoboka, damu inachuruzika.

"Watauana hawa!" Shemeji alikuwa akisema. "Daktari, warudishe kila mmoja kwake!"

"Subiri," Daktari akasema, macho kwenye kizimba. "Aliyekaa peke yake muda mrefu amesahau mwenzake ni kitu gani. Akiletewa, anauma kwanza. Si ubaya, ni woga. Wakiumizana sana tutawatoa. Bado."

Maranda alikuwa amesimama mlangoni, anachuruzika maji.

"Na mimi je?" akasema.

Wakageuka wote wawili.

"Mzee, tafadhali toka, utawatia hofu."

"Nimeuliza. Na mimi je? Unayajua yote hayo, mwanangu, umeyasomea. Umekaa hapa unahesabu wanavyopanda. Mimi kadi nyekundu nani alinibandikia?"

"Kadi gani, baba? Umefiwa. Nilikupa kazi nyepesi upum..."

"Usilitaje!" Maranda akaipiga fremu ya mlango kwa kiganja. "Usilitaje hilo neno! Miaka yote nimefanya kazi kwenye meza hii. Nikafiwa na mke, mkaninyang'anya na meza!"

Daktari akabadilika uso. Alikuwa mtoto wa watu, na asubuhi yake ilikuwa mbaya. "Haikuwa mimi," akasema. "Sikutaka kusema, lakini haikuwa mimi. Ni Mzee Shemeji aliyeomba. Alisema hataweza kukaa nawe meza moja."

Kizimbani panya waliendelea kupigana.

"Wewe?" Maranda akasema.

"Mimi," Shemeji akasema. Aliendelea kufuta kidole.

"Unagonga mlango mara mbili unakimbia. Nikadhani umetumwa. Kumbe wewe ndiye mwenye shamba."

"Usinifokee, bwana. Siku ya msiba uliniambia nini mbele za watu?"

"Nilikwambia nini?"

"Ah, umesahau. Mwenye kutukana husahau, aliyetukanwa hasahau. Nimekuja nimevaa shati langu moja jeupe, nimelipiga pasi mwenyewe, nimesimama mlangoni. Ukaniangalia. Ukasema, 'Hata leo umekuja kula?' Watu wote wakageuka, ndugu zako, wanao. Miaka yote nimekula kwake, kweli, nimekula, sikatai. Siku ile hata maji sikunywa!"

Maranda akakumbuka. Alikumbuka vizuri. Nyumba ilijaa watu wanaonong'ona, yeye ameketi katikati kama gunia, kisha akamwona huyu mlangoni. Katika watu wote wale ndiye mmoja aliyejua kumjibu. Akamrushia neno kama anayezama anavyorusha mkono.

"Nilikutania, mpumbavu wewe!"

"Msibani?"

"Ulitaka nikutanie wapi, harusini? Nilitaka unijibu! Miaka yote unanijibu kabla sijafunga mdomo, siku moja ninayokuhitaji unijibu ukajifanya una adabu! Ukageuka ukaondoka! Ukaniachia watu wa pole!"

"Ningejibu nini, na maiti iko chumbani?"

"Chochote! Ungenitukana! Hata yeye angecheka mle ndani!"

"Wewe unadhani umefiwa peke yako!" Shemeji naye akapandisha. "Mla nawe hafi nawe, ndivyo wanavyosema, siyo? Basi mimi nilitaka kufa. Mimi nani wa kunipelekea salamu? Nani tena anauliza shati hili nimelivaa tangu lini? Wewe una watoto wanakupigia simu. Mimi simu yangu inapigwa na kampuni ya simu!"

Hapo pangekuwa mahali pa kusema neno jema. Maranda alilitafuta, akakuta amesahau linavyoanza. Likamtoka jingine.

"Tumbo lako ndilo linalolia, si wewe."

Shemeji akamtupia taulo lenye damu, likampiga usoni. Maranda akalidaka, akamrudishia, likamkosa, likaangukia juu ya kizimba, na panya wakalipuka upya.

"Nje!" Daktari akapiga kelele. Hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. "Nje nyote wawili! Wazee wazima! Mnanipandishia wanyama presha, na mimi mwenyewe mmenipandisha! Chumba cha kuoshea, wote, na mlango mfunge!"

Wakaenda. Maranda mbele, Shemeji nyuma anaburuta mguu. Sakafu ya chumba cha kuoshea ilikuwa imefurika, maana bomba halikufungwa.

"Umefuga samaki humu," Shemeji akasema.

"Funga mdomo, shika brashi."

"Nina kidole kibovu."

"Una tisa vizima."

Wakafanya kazi wamepeana mgongo. Maranda akikwangua, Shemeji akisuuza, na kila mmoja akisukuma kizimba kwa mwenzake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hasira haikuwa imekwisha. Ilikuwa imepata tu pa kwenda. Maranda alimwambia yeye ni mwoga. Shemeji akamwambia yeye ana ulimi wa wembe, na marehemu alikuwa akilalamika hivyo hivyo, ila kwa heshima.

"Alilalamika kwa nani?"

"Kwangu. Nilipokuja kuwatengenezea paa."

"Alisema nini?"

Shemeji akaacha kusuuza. "Alisema jioni humwachi aongee."

Maranda alikwangua kizimba ambacho tayari kilikuwa safi. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini lakini bado ya ugomvi, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia wewe?"

"Ungenipiga kofi."

"Kumbe ilikuwa inaruhusiwa? Ngoja nikaushe mkono."

Mchana Daktari akaja. Alikuwa ametulia, ila nywele zake zilikuwa na maranda. Safari hii aliingia ndani, viatu vyake vikazama majini, hakujali. Shemeji akamuuliza panya wanaendeleaje.

"Mmoja nimemtoa, ameraruliwa sikio. Watatu wamechoka. Wamekaa kila mmoja kona yake, lakini wanatazamana."

"Na presha imeshuka?" Maranda akauliza.

"Sijui, baba. Hata kesho hatutajua. Pengine wengine hawatashuka tena." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Mkurugenzi ananisubiri. Naomba unisamehe kwa kukupangia bila kukuuliza, nilidhani nafanya vizuri. Sasa nakuuliza wewe, na nitasema utakachosema. Nimwambie nini?"

Maranda alikuwa na chupa mkononi. Akapuliza kimrija, akakisikiliza, akaiweka kwenye rafu. Shemeji alikuwa ameacha kusugua, amejifanya anatazama kidole chake.

"Mwambie nina mtu humu nagombana naye," Maranda akasema. "Mwambie sijammaliza."